Kuimba Herufi si Kusoma: Kisa cha Mwanafunzi wa Darasa la Pili Wilayani Sikonge

Mtoto anayehusika katika uchambuzi huu ni binti wa miaka tisa, mwanafunzi wa Darasa la Pili katika shule moja ya msingi ya kijijini wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Wanafunzi walipopimwa stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kabla ya likizo ya Juni, jina lake liliingizwa kwenye orodha ya wasiojua kusoma, na mwalimu wake wa darasa akapendekeza arudie darasa. Kilichokifanya kisa chake kistahili kuangaliwa kwa makini ni kwamba madaftari yake hayakufanana hata kidogo na ya mtoto asiyejua kusoma. Mwandiko wake ulikuwa safi kuliko wa wenzake wengi, kazi za ubaoni alizinakili hadi nukta ya mwisho, na mwalimu aliponyoosha fimbo kwenye chati ya silabi, sauti yake ndiyo iliyoongoza madawati ya nyuma: ba, be, bi, bo, bu. Herufi nazo aliziimba kutoka a hadi ze bila kuruka hata moja. Lakini alipopewa sentensi fupi ambayo hakuwahi kuiona ubaoni, "Mama anapika ugali", aliitazama kwa muda, akaanza kutaja, "Me, a, me, a," kisha akanyamaza.

Binti huyu analelewa na bibi yake mzaa mama katika familia inayolima tumbaku. Nyumbani lugha ni Kinyamwezi. Kiswahili amekipata shuleni, sokoni na kwa watoto wa majirani. Hakusoma darasa la awali, kwa sababu shule ilikuwa mbali na alikokuwa akiishi wakati huo. Alipoandikishwa Darasa la Kwanza, alihudhuria Januari, kisha familia ikahamia kambini shambani kwa ajili ya kuchuma majani na kuyakausha mabanini, kazi ambayo katika ukanda huu huwakusanya watu wazima na watoto kuanzia Februari hadi karibu na Pasaka au baada yake. Rejesta ya mahudhurio inaonyesha pengo hilo wazi. Na miezi hiyo ndiyo ambayo Darasa la Kwanza hufundishwa herufi moja baada ya nyingine. Aliporudi, wenzake walikuwa wameshaingia kwenye silabi, naye akaungana nao hapo walipofika, akashika wimbo kwa haraka kama mtoto mwenye akili anavyoweza kuushika, na hakuna aliyegundua kwamba kuna hatua hakuipitia.

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa kuhusu tatizo lake yalikuwa yale ambayo hutolewa karibu kila mahali. Wapo waliosema hajui Kiswahili. Wengine walishuku macho, na mmoja wa walimu, kwa upole lakini bila kusita, alisema kichwa chake ni kizito. Ilibidi kila dai lipimwe badala ya kubishaniwa. Nilimsimulia hadithi fupi ya Kiswahili kwa mdomo, kisha nikamuuliza maswali, naye akajibu yote isipokuwa moja lililohitaji neno "ghala", ambalo hakulijua. Mtoto anayeelewa hadithi kwa kiwango hicho hawezi kushindwa kusoma "mama" kwa sababu ya lugha. Kuhusu macho, alikuwa akinakili maandishi ya ubaoni kutoka dawati la mwisho bila kukosea. Suala la uzito wa kichwa sikuona haja ya kulipima: mtu aliyeweza kukariri chati nzima kwa kuisikia tu ana kumbukumbu ambayo wengi wetu tungeitamani.

Basi tukaanza upya na herufi zenyewe. Kadi za herufi zilichanganywa, zikatolewa moja moja nje ya mpangilio wa alfabeti. Majina ya herufi nyingi alikuwa nayo: be, de, ke, le, me. Nilipomuuliza herufi hiyo inatoa sauti gani, alirudia jina lile lile kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba sikumsikia mara ya kwanza. Irabu zote tano alizipata, kwa sababu katika Kiswahili jina la irabu na sauti yake ni kitu kimoja. Katika konsonanti alipata moja tu, s, ambayo alisema ni "ya nyoka" na akaitoa vizuri kwa meno yaliyobanwa; bila shaka aliwahi kuipata katika mchezo fulani.

Kisha tukaenda kwenye chati. Niliifunika yote kwa karatasi, nikaacha tundu la silabi moja, bo. Midomo yake ilianza kucheza bila sauti: ba, be, bi, halafu akasema kwa furaha, "Bo!" Jibu lilikuwa sahihi, lakini alilifikia kwa kuhesabu kutoka mwanzo wa mstari. Jaribio lililofuata ndilo lililomaliza ubishi kati yangu na mwalimu wa darasa. Tuliandika ubaoni mstari uliovurugwa: bo, ba, bu, bi, be. Binti aliusoma kwa kujiamini, kidole kikigusa kila silabi: "Ba, be, bi, bo, bu." Kidole na mdomo vilikuwa vikifanya kazi mbili zisizohusiana.

Mwisho nilipima sikio lake peke yake, bila maandishi. Nilipomuuliza sauti ya kwanza katika neno "mama" ni ipi, alisema "ma". Nilipomwomba aondoe sauti ya kwanza katika neno "kaa", akafikiri kidogo, akajibu, "La moto." Watoto wenzake wawili waliokuwa mlangoni walicheka, mimi niliona jibu hilo limejaa maana. Kwake neno lilikuwa ni kitu na matumizi yake. Kwamba neno hilo pia ni mfululizo wa sauti zinazoweza kutenganishwa, hakuna aliyemwonyesha.

Hapa inafaa kueleza kwa nini majina ya herufi yanaweza kumkwamisha mtoto wa Kiswahili kwa namna yake ya pekee. Majina ya konsonanti zetu karibu yote yamejengwa kwa kuongeza e mwishoni: be, de, fe, ge, ke. Mtoto anayejua majina tu, akikutana na k na a, anapata "ke-a", na haiwezekani kutoka hapo kufika "ka" isipokuwa mtu ampe jibu. Jina limebeba irabu ambayo haimo katika neno analolisoma. Sauti tupu ya k, iliyotolewa kwa ufupi bila irabu nyuma yake, ikikaribiana na a inazaa "ka" karibu yenyewe. Sisemi kwamba majina ya herufi hayana kazi. Yatahitajika siku mtoto atakapoambiwa ataje tahajia ya jina lake ofisini. Ninasema kwamba katika kusoma neno, kazi inafanywa na sauti.

Kuna walimu wazoefu ambao watapinga hoja hii kwa kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya silabi, na kwamba vizazi vimejifunza kusoma kwa ba-be-bi-bo-bu. Hoja hiyo ina uzito. Silabi zetu nyingi ni za konsonanti na irabu, zinasikika wazi, na mtoto huzipata kwa sikio mapema kuliko sauti moja moja. Lakini tuhesabu. Alfabeti ya Kiswahili ikihesabiwa pamoja na ch ina herufi 24. Konsonanti ni 19 na irabu ni 5, hivyo silabi za kawaida peke yake ni 95, kabla mtoto hajakutana na sha, nya, dha, ng'a, mba, nda, kwa, mwa na ndugu zao wote. Anayezishika kama picha zisizo na sehemu ana mzigo wa mamia ya maumbo. Anayejua kwamba sh ina sauti yake na irabu zina zake hahitaji kufundishwa "shu" kama kitu kipya. Waliojifunza kwa chati wakafanikiwa, naamini, ni wale ambao katikati ya kuimba waliligundua hilo wenyewe: kwamba mstari mzima wa b unaanza na kitu kimoja, na safu nzima ya u inaishia na kitu kimoja. Chati imepangwa kwa namna inayomwezesha mtoto kuligundua, lakini haimlazimishi. Binti wetu aliyeichukulia kama wimbo hakuligundua.

Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika 2015, ule uliojengwa juu ya KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, uliliona hilo na ukataka sauti za herufi zifundishwe mwanzoni kabisa. Kwa hiyo kilichopendekezwa katika kisa hiki si uvumbuzi. Tofauti ni kwamba mtaala unamfikia mtoto aliyepo darasani mwezi wa Februari.

Tafiti zinasaidia kuelewa lile jibu la "la moto". Mwaka 1979 José Morais na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima nchini Ureno, baadhi wakiwa hawajawahi kujifunza kusoma na wengine wakiwa wamejifunza ukubwani. Wasiosoma walishindwa kwa sehemu kubwa kuondoa au kuongeza sauti moja mwanzoni mwa neno. Waliojifunza kusoma, hata ukubwani, waliweza. Watu hao walizungumza lugha yao vizuri maisha yao yote, kwa hiyo kushindwa kwao hakukuwa dalili ya akili pungufu wala ya sikio bovu. Uwezo wa kusikia sauti moja moja ndani ya neno kwa kiasi kikubwa huja pamoja na herufi. Karibu na kwetu zaidi, Katie Alcock na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti wa watoto 108 wa Tanzania wenye umri wa miaka 7 hadi 10, baadhi wakiwa shuleni na baadhi hawajaandikishwa. Uchambuzi wao uliashiria kwamba uwezo wa kusoma herufi huenda ulichangia zaidi katika kukua kwa utambuzi wa sauti kuliko kule kuhudhuria shule kwenyewe. Matokeo hayo yanaendana kabisa na binti aliyekuwa shuleni kwa mwaka na nusu, akiwa na dawati, daftari na kalamu, lakini bila sauti za herufi.

Tulichofanya kilikuwa cha kawaida sana. Mwalimu wa darasa, ambaye ana wanafunzi zaidi ya mia moja, alikubali kumtengea binti huyu pamoja na wengine wachache kipindi kifupi kila siku kabla ya mapumziko ya uji. Hatukufuata mpangilio wa alfabeti. Tulianza na irabu, kisha konsonanti zinazoweza kuvutwa kwa pumzi: m, s, l, n. Sababu ni ya kiutendaji. Sauti kama mmm na sss mtoto anaweza kuishikilia huku akiitafuta irabu inayofuata, na kuunganisha kunakuwa rahisi. Sauti kama b, t na k hukatika papo hapo, na mwalimu asipojichunga hujikuta anasema "be" au "ba" badala ya sauti yenyewe. Hilo la mwisho lilitusumbua sisi watu wazima kuliko watoto. Mwalimu aliyezoea kusema "me" kwa miaka mingi anahitaji mazoezi ili aseme "mmm" mbele ya darasa bila kuona haya.

Neno la kwanza alilolisoma mwenyewe lilikuwa "asali". Herufi zake zote zimo katika kundi lile la mwanzo, na kwa mtoto wa Sikonge hakuna haja ya kueleza maana yake. Alivuta: aaa, sss, aaa, lll, iii. Akarudia haraka zaidi. Mara ya tatu akasimama katikati, akanitazama, akasema, "Si asali, mwalimu?" Ilikuwa swali na jibu kwa pamoja.

Vifaa vilikuwa vizibo vya soda vilivyookotwa dukani, kila kimoja kikiwa na herufi iliyoandikwa ndani kwenye karatasi. Herufi inayoshikika ina faida kuliko sauti inayopita hewani. Lynette Bradley na Peter Bryant walilionyesha hilo nchini Uingereza mwaka 1983: watoto waliofundishwa kupanga maneno kwa sauti zake huku wakitumia herufi za plastiki waliendelea katika kusoma kuliko waliofundishwa kwa sauti peke yake. Vizibo vyetu vilifanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ya kuviosha. Zoezi lililozaa matunda zaidi lilitoka kwa binti mwenyewe. Tulikuwa tumepanga vizibo u-g-a-l-i, naye akasema kwamba bibi yake husema "bugali". Nilimpa kizibo cha b akiweke mbele. Akasoma, "Bugali." Akakiondoa: "Ugali." Akakirudisha, akakiondoa tena, akicheka. Mtoto ambaye kabla ya hapo alishindwa kuondoa k katika "kaa" sasa alikuwa akiondoa na kurudisha sauti ya kwanza ya neno kwa hiari yake, akitumia lugha mbili kwa wakati mmoja. Tangu hapo tulianza kuomba maneno ya Kinyamwezi kwa makusudi, na ile dhana kwamba lugha ya nyumbani ndiyo kikwazo ikabaki bila watetezi.

Hii haina maana kwamba Kinyamwezi hakileti ugumu wowote. Kwa mfano, hakitofautishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya, na sauti za th na dh hazimo. Katika imla ya Septemba binti aliandika "balua", "lafiki" na "zahabu". Mwalimu aliyapiga maneno yote matatu alama ya kosa, na kwa kanuni za tahajia alikuwa sahihi. Lakini yalinipa matumaini kuliko maneno aliyoyapatia, kwa sababu mwanafunzi anayenakili haandiki "balua". Anaandika "barua" au anaacha wazi. Aliyeandika "balua" amesikiliza neno linavyotamkwa nyumbani kwao, amelikata katika sauti zake, na kila sauti ameipatia herufi yake. Makosa ya namna hii yanahitaji mazoezi ya sikio, kalamu na karamu zikitamkwa bega kwa bega, na yasihesabiwe katika kapu moja na ya mtoto asiyejua herufi. Hali ni hiyo hiyo kwa "mutoto", alivyosoma "mtoto" kwa wiki kadhaa: mazoea ya silabi yalimwambia hakuna konsonanti inayosimama peke yake, na kiambishi cha Kinyamwezi kikamsaidia kuijaza nafasi. M inayojitegemea ikabidi ifundishwe waziwazi, kwa kupiga kofi: m-to-to, makofi matatu.

Kufikia Novemba alisoma aya fupi mpya kuhusu mwenye duka na mbuzi wake, polepole, kidole kikiwa chini ya maneno, na akajibu maswali manne kati ya matano. Katika upimaji wa mwisho wa mwaka wa shule aliondolewa kwenye orodha ya wasiojua kusoma, na pendekezo la kurudia darasa likafutwa.

Ni lazima kuwa waangalifu na maana ya matokeo haya. Kuanzia Julai msimu wa tumbaku ulikuwa umekwisha, kwa hiyo alihudhuria karibu kila siku. Alipata pia muda wa pekee na mtu mzima, jambo ambalo katika darasa la watoto zaidi ya mia ni anasa. Yote mawili yangeweza kumsaidia mtoto yeyote, kwa njia yoyote ya kufundishia. Kinachonifanya niamini kwamba sauti za herufi zilikuwa na mchango wake ni zoezi la maneno yasiyo na maana, kama "silamu", "tunosa" na "kebita", ambayo hayawezi kukaririwa kwa kuwa hayapo. Juni hakuweza kusoma hata moja. Novemba aliyasoma takriban yote, kisha akalalamika kwamba hayaeleweki, lalamiko ambalo ni la msomaji.

Upande wa Kiswahili kurahisisha kazi usisahaulike. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya na kukuta kwamba, mwishoni mwa mwaka wa kwanza, watoto wa lugha ambazo herufi na sauti zinaendana, kama Kifini na Kihispania, walisoma maneno karibu yote kwa usahihi, wakati wale wa Kiingereza walipata takriban asilimia 34. Tahajia yetu iko upande wa Kifini. Mtoto wa Tabora akishazipata sauti hizo, hakuna kundi kubwa la maneno ya vighairi linalomsubiri mbele, na ndiyo maana miezi michache ilitosha.

Yapo yaliyobaki. "Ng'ombe" na "ngoma" bado anazianza kwa sauti moja, ingawa ng' anaitamka kila siku anapowaswaga ng'ombe wa mjomba wake. Kinachomchanganya ni kile kikoma cha juu, ambacho walimu wenyewe hukisahau wanapoandika ubaoni. Kasi yake ni ndogo, na maneno marefu kama "wanakijiji" humchosha kabla hajafika mwisho, kiasi cha kusahau alikoanzia. Msamiati wa vitabuni bado ni mchache, na hilo sauti za herufi haziwezi kulitatua. Linahitaji hadithi nyingi za kusomewa.

Kwa upande wa shule, mwalimu mkuu na mwalimu wa Darasa la Kwanza wamekubaliana kwamba uandikishaji wa mwaka unaofuata utachukua pia taarifa ya familia zinazohamia kambini wakati wa tumbaku, na kwamba mwezi Mei, watoto hao wakisharudi, sauti za herufi zitarudiwa kwao kuanzia irabu, hata kama wenzao watakuwa wamefika mbali. Mwalimu wa Darasa la Kwanza ameomba vizibo zaidi, na ameomba kipindi hicho kisipangwe saa ya mwisho, kwa sababu saa hiyo watoto wa mbali huwa wameshaanza kuondoka.